Shati jeupe, sketi ya bluu: sare ya shule ilitoka wapi na nani anailipa

Sare, yunifomu, iniforme. Katika kikundi chetu kila mmoja analeta neno lake, kufuatana na njia aliyopita. Aliyekaa Kigoma kwanza anasema sare. Aliyeanza shule hapa Uganda anasema yunifomu. Sisi tuliotoka Kivu na Ituri tunasema iniforme, ama tunasema tu bleu-blanc, na kila Mkongomani anaelewa: juu shati jeupe, chini sketi ama pantalo ya bluu.

Mwezi uliopita neno hilo lilituletea kelele. Shule moja ambako wadogo zetu wengi wanasoma ilitangaza kwenye mkutano wa wazazi kwamba kuanzia muhula ujao yunifomu inabadilika. Ile ya zamani, ya bluu nzito, haitapita tena getini. Mpya itakuwa ya rangi ya krimu, na nembo ya shule kifuani, na itashonwa na fundi mmoja tu, wa mjini. Mama mmoja mwenye watoto wanne pale shuleni alisimama akauliza: "Hizi ine nilishona mwaka jana, bado nzima, niipeleke wapi?" Watu walicheka kidogo. Hakuna aliyemjibu.

Baada ya mkutano wazee walitugeukia sisi vijana. Walisema, ninyi ndio mnajua kuandika, andikeni barua. Sawa. Tulikaa Jumamosi chini ya mwembe tukiwa na kalamu na karatasi, na hatukuvuka mstari wa kwanza. Nusu yetu walitaka tuandike kwamba yunifomu ifutwe kabisa, kila mtoto avae alichonacho. Nusu nyingine walisema hapana, mkifuta yunifomu mtawaaibisha watoto maskini zaidi. Sauti zilipanda hadi mama wa jirani akaja kuuliza kama kuna mtu anapigwa. Ndipo tukakubaliana jambo moja: kabla ya kusema kitu hiki kiishi ama kife, tujue kwanza kilizaliwa wapi. Tulisoma kwenye simu, tukawauliza wazee waliosoma wakati wa Mobutu, tukawauliza walimu wawili waliofundisha Burundi. Haya ndiyo tuliyokusanya.

Wengi wetu tulifikiri yunifomu ilianza na watoto wa matajiri. Tai, koti, viatu vyeusi vinavyong'aa, nani mwingine angeanzisha mambo kama hayo? Kumbe ni kinyume. Yunifomu ya shule ya zamani zaidi inayojulikana sana ni ya Uingereza, na ilishonwa kwa ajili ya yatima na watoto wa mitaani. Mwaka 1552, mjini London, shule iitwayo Christ's Hospital ilianzishwa chini ya mfalme Edward VI, mfalme ambaye mwenyewe hata miaka 16 hakuitimiza. Jina linasema hospitali, lakini maana yake ya zamani ni nyumba ya kupokea watu. Watoto walipokelewa, wakalishwa, wakafundishwa, na wakavishwa koti refu la bluu linalofika karibu na miguu. Baadaye zikaja na soksi za njano. Bluu haikuchaguliwa kwa uzuri wake. Ilikuwa rangi ya bei ndogo, rangi ya watumishi na vijana waliokuwa wakijifunza kazi za mikono. Shule nyingine za msaada zikaiga, mpaka watu wakawa wanaziita kwa jina la hilo koti la bluu.

Sasa fikirini huyo mtoto akipita sokoni London. Kila mtu akimwona anajua mara moja: huyu anakula kwa mkono wa wengine. Nguo ilimkinga na baridi, na papo hapo ilimtangaza. Ninyi ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, hatusemi hili kwa ubaya, lakini tulipofika sehemu hiyo tulitazamana. Kati yetu watu saba walikuwa wamevaa fulana zenye nembo za mashirika, nyingine za miradi iliyokwisha zamani. Koti la bluu halijafa, limekuwa fulana tu.

Watoto wa matajiri wa Uingereza wakati huo walivaa nguo zao za nyumbani. Ilichukua karne tatu hivi, mpaka miaka ya 1800, ndipo shule za bweni za gharama kubwa zikaanza nazo kuwavalisha wanafunzi wao nguo za aina moja, na kofia, na rangi za nyumba zao. Hapo maana ikageuka. Nguo iliyosema "huyu ni maskini" ikaanza kusema "huyu baba yake anaweza kulipa." Na ni hii maana ya pili iliyopanda meli kuja Afrika. Kuhusu Christ's Hospital, wanafunzi wake bado wanavaa lile koti la bluu mpaka leo, na wanajivunia. Nguo ya aibu inaweza kuwa nguo ya fahari ikikaa muda wa kutosha. Tuliandika hilo pembeni ya karatasi.

Hapa Uganda, wamisionari Waprotestanti wa CMS walifika Buganda mwaka 1877, na Mapadri Weupe wakafuata mwaka 1879. Shule kubwa zilikuja baadaye kidogo: Namilyango mwaka 1902, Gayaza ya wasichana mwaka 1905, King's College Budo mwaka 1906. Waganda hawakuwa uchi wakingoja kuvishwa, kama vile vitabu vingine vya zamani vinavyotaka tuamini. Walikuwa na lubugo, nguo ya magome ya mti wa mutuba, yanayogongwa kwa nyundo ya mbao mpaka yalainike na kupanuka kama kitambaa. Ufundi huo una karne nyingi.

Sasa sikieni kisa ambacho kilitushangaza kuliko vyote. Kila Jumapili, kila harusi, kila mkutano wa serikali, tunawaona mama zetu Waganda na gomesi: gauni refu, mabega yaliyosimama, mkanda mpana uliofungwa kiunoni. Ni vazi la heshima la nchi nzima. Inavyosimuliwa hapa Uganda, gomesi ilianza kama nguo ya wasichana wa shule ya Gayaza, na jina lake linatokana na fundi mmoja wa Kigoa aliyeitwa Gomes, ambaye wamisionari walimwomba ashone kitu cha pamba mahali pa lubugo. Masimulizi yanatofautiana juu ya nani alibuni nini, na wengine wanaita vazi hilo busuuti tangu mwanzo. Lakini shule haikosekani ndani yake. Yaani vazi ambalo bibi anazikwa nalo lilikuwa yunifomu. Waganda walilichukua, wakalinyosha, wakalipamba, likawa lao. Wenzetu waliotaka yunifomu ifutwe walinyamaza kidogo hapo. Walinyamaza kidogo tu.

Upande wa kwetu, Kongo, shule ilikuwa mikononi mwa misheni kwa muda mrefu sana. Serikali ya Kibelgiji haikujisumbua. Katika miaka ya 1920 ilianza kutoa pesa kwa misheni, hasa za Kikatoliki za Kibelgiji, nazo zifanye kazi. Shule za serikali zisizo za kanisa zilifunguliwa kwa watoto Waafrika mwaka 1954 tu, wakati wa waziri Auguste Buisseret, miaka 6 kabla ya uhuru. Kwa hiyo aliyeamua mtoto avaeje alikuwa padri, sista ama pasta. Nguo ilikuwa sehemu ya somo: kuoga, kunyoa, kufunga vifungo, kusimama kwenye mstari. Mzee mmoja hapa kambini anakumbuka zaidi ukaguzi wa kucha kuliko hesabu. Na jambo la kuchekesha ni kwamba Ubelgiji kwenyewe leo shule nyingi hazina yunifomu. Wenzetu waliopelekwa huko wanatutumia picha, mwanafunzi amevaa jinzi na raba na hakuna anayemuuliza.

Kisha akaja Mobutu. Mwaka 1971 nchi ikawa Zaire, na nguo ikawa siasa. Tai na suti ya Kizungu vikapigwa marufuku kwa wanaume, wakavaa abacost, lile koti lisilo na tai, ambalo jina lake lilitoka katika Kifaransa kwa maana ya "suti na ianguke." Wanawake wakatakiwa kuvaa kikwembe, si pantalo. Mwaka uliofuata majina ya Kikristo yakafutwa. Mwaka 1974 shule za makanisa zikachukuliwa na serikali, na mwaka 1977 zikarudishwa mikononi mwa makanisa kwa mkataba, kwa sababu serikali ilishindwa kuziendesha. Ndiyo maana mpaka leo tunasema école conventionnée, na wengi wetu tulisoma humo bila kujua mkataba huo ni upi. Tai yenyewe ilirudi tarehe 24 Aprili 1990, siku ileile Mobutu aliporuhusu vyama vingi.

Mtu alibadilisha jina la nchi, jina la mto, jina la pesa, jina la ubatizo na shingo za wanaume wote. Lakini mtoto wa shule aliendelea na shati lake jeupe na bluu yake. Wazee waliosoma miaka hiyo wanasema hivyo hivyo wote, awe alisoma Bukavu ama Kalemie. Kwa nini bleu-blanc ilidumu? Sisi tunafikiri ni kwa sababu haikuwa ya shule yoyote. Ilikuwa ya nchi. Shati jeupe unalipata kwenye chagua, mivumba kama wanavyosema hapa, kwa pesa kidogo. Bluu, fundi yeyote anayo. Kaka akikua anamwachia mdogo wake. Ukihama kutoka Uvira kwenda Baraka, unahama na yunifomu yako, na kesho asubuhi unasimama kwenye mstari na hakuna anayejua kwamba wewe ni mgeni. Kwa watu ambao walikuwa wanahamahama kwa sababu ya vita, hilo halikuwa jambo dogo. Tanzania nayo iko karibu hivyo hivyo kwa shule za msingi za serikali, nyeupe na bluu, ndiyo maana wenzetu waliopitia Kigoma wanasema hawakuona tofauti kubwa.

Tusiipambe sana lakini. Bleu-blanc ilikuwa rahisi, na bado tulifukuzwa shuleni. Kuanzia miaka ya 1990 walimu hawakuwa wanalipwa vizuri na serikali, wazazi ndio wakawa wanawalipa, na kila mwanzo wa mwezi mwalimu alisoma majina. Asiyelipa, nje. Unatoka darasani ukiwa msafi kabisa na shati limepigwa pasi, unarudi nyumbani saa 3 asubuhi, na mtaa mzima unajua kwa nini. Elimu ya msingi bure ilianza kutekelezwa Kongo mwaka 2019 tu. Kwa hiyo anayesema yunifomu inawafanya watoto wawe sawa, tunamuuliza: sawa mpaka saa ngapi?

Wenzetu wa Burundi wana kumbukumbu nyingine. Kwao ni kaki. Neno hilo lenyewe lina safari: lilitoka katika lugha za Waajemi na Wahindi, maana yake vumbi, na wanajeshi wa Kiingereza huko India ndio waliolichukua katika miaka ya 1840 walipoanza kuvaa rangi ya vumbi ili wasionekane. Nguo iliyobuniwa kumficha askari ikaja kumvalisha mtoto wa darasa la kwanza. Dada mmoja katika kikundi anasema yeye anaipenda kaki, kwa sababu uchafu hauonekani upesi na inadumu. Lakini mjomba wake hawezi kuitazama. Mwaka 1972 Burundi, wanafunzi walichukuliwa ndani ya shule, majina yakisomwa, kwa sababu ya kabila lao na kwa sababu walikuwa wamesoma. Wengi hawakurudi. Waliobaki walikimbilia Tanzania, na wengine wao walizeeka kule Katumba, Ulyankulu na Mishamo. Kuwa mwanafunzi ilikuwa hatari, na nguo ilikutambulisha kutoka mbali.

Hilo lilitupeleka Afrika Kusini. Kila tarehe 16 Juni tunacheza ngoma na kuigiza hapa kambini, Siku ya Mtoto wa Afrika, maji ya kunywa ya bure na hotuba ndefu. Umoja wa Afrika wa wakati huo, OAU, ndio ulioanza kuiadhimisha mwaka 1991. Ni kumbukumbu ya Soweto, 1976, wanafunzi walipoandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaana na polisi wakawapiga risasi. Angalieni picha maarufu ya Sam Nzima: mtoto Hector Pieterson amebebwa, na dada yake Antoinette anakimbia pembeni akiwa na nguo za shule. Siku hiyo yunifomu ilifanya mambo mawili kwa pamoja. Iliwaonyesha polisi nani wa kupigwa. Na iliionyesha dunia nzima, bila maelezo, kwamba wanaopigwa ni watoto wa shule. Serikali ya Makaburu ingeweza kusema ni wahuni. Picha ilikataa.

Sisi wenyewe tuna yetu. Kati yetu wako waliovuka mpaka wa Bunagana mwaka 2012, wakati M23 walipopigana mara ya kwanza na Rwamwanja ikafunguliwa upya kwa ajili ya Wakongomani. Walitoka shuleni moja kwa moja, na daftari mkononi. Mmoja alivaa bleu-blanc yake wiki nzima, kwa sababu ndiyo nguo aliyokuwa nayo. Walipofika kituo cha kupokelea wageni, mfanyakazi mmoja aliandika watoto waliokuwa na yunifomu kwenye orodha ya shule kabla ya wengine, bila kuuliza chochote. "Iniforme ndiyo ilikuwa diploma yangu," anasema mpaka leo. Hajaitupa. Iko chini ya godoro, imekuwa rangi ya chai, na haimwenei.

Turudi hapa tulipo. Mwaka 1997 serikali ya Uganda ilianzisha elimu ya msingi kwa wote, UPE, mwanzoni kwa watoto wanne kwa kila familia. Msimamo wa serikali ulikuwa kwamba mtoto asikose darasa kwa sababu hana yunifomu. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inasema nguo za mtoto ni wajibu wa mzazi, na inakataza kumtoza mtu pesa ya kusoma katika shule za UPE. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inasema katika elimu ya msingi mkimbizi atendewe kama mwananchi. Ukizisoma zote pamoja, ukiwa umekaa kivulini, unaona mtoto wetu yuko salama kabisa. Tatizo ni geti. Sheria inaandikwa Kampala, lakini geti linashikwa na mtu mmoja mwenye fimbo, saa 1 na nusu asubuhi.

Na hapa Uganda yunifomu si ya nchi, ni ya shule. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na kwetu. Moja zambarau, moja kijani, moja ya pinki, nyingine njano inayoumiza macho. Tunakiri zinapendeza, asubuhi barabara inakuwa kama bustani. Lakini familia ikihamishwa kutoka upande mmoja wa makazi kwenda mwingine, ama mtoto akibadilisha shule kwa sababu ile ya kwanza ina watoto zaidi ya mia darasani, rangi ya zamani haina kazi tena. Tangu mgao ulipoanza kupunguzwa mwaka 2020 (asilimia 30 kwa mara moja, Aprili ile), nyumba nyingi zinachagua kati ya sabuni na chumvi. Huwezi kumwambia mama wa nyumba kama hiyo anunue rangi mpya kwa sababu kamati imechoka na ya zamani.

Je, yunifomu ya bure inasaidia? Hili si swali la maoni tu, lilipimwa. Mwaka 2003, Kenya ilipofuta karo za shule za msingi, watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walianza kufuatilia shule 328 za magharibi mwa nchi. Katika baadhi ya shule, wanafunzi wa darasa la 6 walipewa yunifomu bure, na nyingine baadaye ili wabaki masomoni. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalionyesha kwamba waliopewa yunifomu waliacha shule kidogo kuliko wengine, na wasichana wachache zaidi walipata mimba mapema. Angalieni: karo ilikuwa imekwisha kufutwa. Kilichobaki kati ya msichana na darasa kilikuwa kitambaa. Wenzetu wa mashirika huwa wanatuuliza kwa nini watoto wanaacha shule wakati shule ni bure, na wanaandika "mtazamo wa jamii." Muulizeni fundi cherehani, atawajibu vizuri zaidi.

Tulibishana sana juu ya wasichana. Ile krimu inayokuja, nani aliichagua? Si msichana, hilo tuna hakika. Msimu wa mvua barabara yetu ni tope jekundu. Msimu wa jua ni vumbi. Maji tunapanga mstari na majerikeni, na ukipata mawili yanakwenda kwenye chakula kwanza. Na kuna zile siku za mwezi, ambapo dada zetu wanakaa darasani wakiogopa kusimama. Bluu nzito inaficha. Krimu inatangaza. Dada mmoja alisema yeye akilazimishwa kuvaa krimu atabaki nyumbani siku nne kila mwezi, na hatujui ni wangapi watafanya hivyo bila kusema. Mwingine, Msomali, akaongeza habari ya vazi la kichwa. Huko Kenya kesi ya hijabu shuleni ilifika mpaka Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2019 iliupindua uamuzi wa mahakama ya rufaa uliokuwa umewakubalia wasichana. Hatukufika mwisho wa mazungumzo hayo. Tutayaandikia siku yake.

Na wale waliotaka yunifomu ifutwe? Waliendelea kusema kwamba ni nguo ya ukoloni, na kwamba fundi anashiba wakati mtoto ana njaa. Wana haki. Lakini mwenzetu mmoja ambaye familia yake ilipelekwa Marekani alitutumia sauti kwenye simu, na sauti hiyo ilifanya kazi kuliko hoja zetu zote. Anasema shuleni kwake kila mtu anavaa anachotaka. Wiki ya kwanza alivaa shati alilopewa uwanja wa ndege, wiki ya pili lile lile. Wiki ya tatu akaanza kulifua usiku na kulikausha juu ya kifaa cha joto ili asiseme ana shati moja. "Ningekuwa na bleu-blanc," anasema, "hakuna mtu angehesabu." Tuliisikiliza mara mbili. Aliyekuwa anapinga zaidi ya wote ndiye aliyechukua kalamu.

Barua ilitoka kurasa mbili. Haikuomba yunifomu ifutwe. Iliomba bluu nzito ibaki, ama kama krimu ni lazima, basi ianze na watoto wapya wa darasa la kwanza tu, na wengine wamalizie walizonazo. Iliomba nembo iwe kipande cha kushonea juu ya shati lolote, ili mzazi anunue kipande na si shati zima. Iliomba kazi ya kushona igawanywe kwa mafundi wa hapa kambini, ambao wapo, wana mashine, na wengine walifundishwa na miradi hiyohiyo ya mashirika kisha wakakosa wateja. Iliomba mtoto asiye na yunifomu aingie darasani, halafu mzazi ndiye aitwe. Na iliomba wasichana wawili wakae kwenye kamati siku rangi inapochaguliwa. Hoja ya pili ilizua ubishi mpaka dakika ya mwisho, kwa sababu watoto wa krimu na watoto wa bluu katika shule moja wataanza kuitana majina. Tuliiacha, kwa kura 11 dhidi ya 8.

Tuliipeleka Jumatatu. Mwalimu mkuu aliipokea kwa heshima, akaisoma yote akiwa amesimama mlangoni, akauliza nani aliandika habari za Gayaza kwa sababu mama yake alisoma huko. Akasema kamati itakaa kabla ya muhula. Mpaka leo tunapoandika hii, haijakaa. Yule mama wa watoto wanne amezifua zile bluu nne, amezipiga pasi na kuzikunja juu ya sanduku. Fundi wa mjini naye amekwisha kupita mara mbili kambini, na mita yake shingoni, akipima mabega ya watoto.